Amana ya Mwenezi

Katika miji ya pwani yetu, zamani kabla ya kuja gazeti na redio, mwenye jambo la kuwaarifu watu alimtuma mpiga mbiu, naye alipita mtaa kwa mtaa akiigonga pembe ya nyati kwa kijiti, hata mwashi akashusha mwiko wake, mama akaepua chungu, na mtoto akaacha mchezo, wote wakatega sikio wapate kujua ni lipi lililozuka. Wahenga wakasema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Yafaa msomaji aizingatie siri iliyomo katika maneno hayo machache: pembe ile haikuwa na sauti tamu kuishinda zumari, wala mpigaji hakuwa mtu wa cheo, watu walimsikiliza kwa sababu walijua, kwa mazoea ya miaka mingi, kwamba haigongwi bure. Wewe uliyechaguliwa juzi kuwa katibu mwenezi wa klabu yako ya taarabu, au wa chama cha ushirika, au wa timu ya mpira, au uliyeombwa kumsaidia mwandishi ambaye kitabu chake kimetoka matbaani wiki hii, umekabidhiwa pembe ile ile. Mwongozo huu umekusudiwa kukufundisha namna ya kuigonga, na pia kukukumbusha kwamba kila pigo lisilo na jambo nyuma yake hulipunguzia nguvu pigo litakalofuata.

Kazi yenyewe ni nini

Watu wengi huichanganya kazi ya uenezi na kazi ya kusifu, na kosa hilo ndilo lililowaharibu wenezi wengi hodari kabla hawajakomaa. Msifu humtazama mtu mmoja tu, yule anayemsifu, na akimfurahisha huyo kazi yake imekwisha. Mwenezi ni mjumbe, na mjumbe ana watu wa pande mbili wa kuwastahi: wale waliomtuma na wale aliotumwa kwao. Ilisemwa kwamba mjumbe hauawi, maana alidhaniwa kuwa amelileta neno kama alivyopewa. Lakini mjumbe aliyetia la kwake njiani amejivua kinga hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Basi neno ulilopewa ni amana, na masikio ya watu ni amana ya pili, na huwezi kuihini moja bila kuihini ya pili.

Utaambiwa, tena na watu wa klabu yako mwenyewe, kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza, kwa hiyo mwenezi ni wa nini? Usikasirike, bali wajibu kwa habari ya Siti binti Saad. Bibi huyo, aliyezaliwa katika kijiji cha Fumba kisiwani Unguja, alikuwa na sauti isiyohitaji sifa ya mtu yeyote. Walakini sauti haina miguu ya kuvuka bahari peke yake. Mwaka 1928 yeye na wenziwe walisafiri mpaka Bombay, wakaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya santuri, na santuri zile zikarudi mwambao na kupenya bara, zikasikilizwa na watu ambao hawakupata kukanyaga Unguja wala kuiona sura ya Siti. Baadaye Shaaban Robert akamwandikia wasifu, na jina lake likawafikia hata waliozaliwa baada ya sauti ile kunyamaza. Chema kilijiuza, naam, lakini kwanza kilifikishwa. Kufikisha ndiyo kazi yako. Katika habari hiyo mna fundisho la pili ambalo hupaswi kulipita upesi: kilichosafiri hakikuwa maelezo ya utamu wa sauti, ni sauti yenyewe. Kwa hiyo, kila uwezapo, badala ya kumwandikia mhariri au mtangazaji wa redio kwamba wimbo ni mtamu, mpelekee wimbo. Badala ya kumwambia kwamba kitabu kina hekima, mpelekee kitabu, umwoneshe na ukurasa wa kuanzia.

Ujue kwanza unachokieneza

Hapana aibu inayompata mwenezi iliyo nzito kuliko kuulizwa jambo dogo la nyumba yake mwenyewe asilijue. Kabla hujaandika mstari mmoja, hudhuria mazoezi ya klabu mara tatu au nne, ukae nyuma, unyamaze, usikilize. Na ikiwa umepewa kitabu, kisome mpaka mwisho, maana mhariri mzuri hutambua kwa swali moja tu kama umesoma au umesimuliwa. Kisha nunua daftari gumu, uliweke kwa ajili ya kazi hii peke yake. Ndani yake andika mwaka klabu ilipoanzishwa, majina ya wanachama kama wenyewe wanavyoyaandika, jina la mtunzi wa kila wimbo na jina la aliyeutia sauti, na majina ya watu walioruhusiwa kusema kwa niaba ya klabu. Ukurasa wa mwisho uweke wahariri na watangazaji, saa wanazopatikana, na mambo wanayopenda kuandika. Klabu ya Ikhwani Safaa ya Unguja hutajwa kwa mwaka wake, 1905, na mwaka huo mmoja hueleza ukongwe wake kuliko sifa kumi. Mwandishi atakayekuuliza klabu yenu ilianza lini anataka tarakimu. Ukimjibu kwamba ni ya zamani sana atadhani unaficha ujana wake.

Katika siku hizo za kwanza uliza pia maswali yasiyopendeza. Je, nyimbo zote ni za klabu, au mojawapo imeazimwa bila ruhusa ya mtunzi? Je, ukumbi umelipiwa, au umeahidiwa kwa mdomo? Je, mwimbaji ambaye jina lake litaandikwa kwa herufi kubwa amekubali mwenyewe, au wanamtarajia? Wenye haraka watakuona mkaidi. Vumilia, kwa maana neno litakapokwenda kinyume, hapana atakayemtafuta mweka hazina. Watamtafuta yule aliyetangaza.

Namna ya kuandika tangazo

Nitakusimulia kosa langu mwenyewe, upate faida yake bila kulipia gharama niliyolipa mimi. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa katibu mwenezi wa klabu moja ya mwambao, niliandika kwa kalamu yangu tangazo la onesho, nikalipamba kwa maneno ya fahari, na katikati yake nikaweka: Usiku wa Ijumaa, saa 3. Sikuandika tarehe, kwa kuwa niliona siku inajulikana. Lakini kwa hesabu ya wazee wetu, ambao siku kwao huanza jua linapokuchwa, usiku wa Ijumaa ni ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa, nao ndio huo ambao watu wa ofisini huuita Alhamisi usiku. Alhamisi ile nilipita ukumbini kupima mahali pa kuweka viti, nikamkuta bibi mmoja amesimama mlangoni penye kufuli, amevaa kanga mpya, asumini zimetungwa vizuri, na wajukuu wawili wamemshika mikono.

"Shikamoo, bibi," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Taarabu imehamia wapi?"

Nilimweleza kwamba ni kesho. Akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi yetu iliyokunjwa mara nne, akanipa. "Hebu nisomee," akasema. Nilisoma, na nilipofika kwenye siku, ulimi ulinikwama. Nikataka kumrudishia nauli yake, akanizuia kwa kiganja. "Nauli nimekusameheni. Lakini siku nyingine mkiniita, nitauliza kwanza." Akawageuza wajukuu wake, wakarudi kituoni.

Tangu jioni ile nimeandika siku kwa namna moja tu, nami nakuusia uishike: Ijumaa, tarehe 14 Novemba, saa 3 usiku, usiku wa kuamkia Jumamosi. Kadhalika chunga saa. Kijana wa matbaa aliyezoea kusoma saa ya Kizungu ataona tarakimu 3 na kuigeuza kuwa 9 akidhani anakusaidia, na saa 9 usiku kwetu ni saa ya daku. Usiliache tangazo lichapishwe kabla hujalisoma kwa sauti mbele ya mtu asiyejua lolote juu ya shughuli yenyewe, kisha mwulize: utakwenda wapi, siku gani, saa ngapi, na mfukoni utatia shilingi ngapi? Akikwama mahali, pana kosa, nalo ni lako.

Linganisha sasa matangazo mawili. La kwanza lasema: Usikose usiku wa kihistoria, burudani ambayo haijapata kuonekana Afrika ya Mashariki! La pili lasema: Nyimbo tatu mpya zitaimbwa kwa mara ya kwanza, Ijumaa, tarehe 14 Novemba, saa 3 usiku, usiku wa kuamkia Jumamosi, milango itafunguliwa saa 2, kiingilio shilingi 5,000, watoto bure, basi la klabu litawarudisha watu mjini baada ya onesho. La kwanza limejaa upepo. La pili humfanya mama wa nyumbani ahesabu watoto wake, afikirie namna ya kurudi, na aamue kwenda. Neno "basi la klabu litawarudisha watu" limeleta watu wengi zaidi kumbini kuliko neno "kihistoria" litakavyowaleta milele.

Kabla ya kukubali tarehe, tazama kalenda zote watu wanazoziishi. Mwezi wa Ramadhani hauna taarabu. Siku ya mechi ya Simba na Yanga mji mzima hauna masikio mengine. Tarehe za katikati ya mwezi mifuko ya wafanyakazi imekwisha kukauka, na siku chache baada ya mshahara hufunguka. Gari la matangazo lizunguke baada ya Alasiri, watu wakiwa barazani. Lizime vipaza sauti karibu na msikiti wakati wa sala, karibu na hospitali, na popote palipofungwa turubai la msiba, hata kama mlilipia saa nzima, kwa sababu mfiwa aliyepigiwa muziki hasahau jina la aliyempigia. Na picha ya tangazo mtakayoituma kwa simu iwe na mwaka, kwa kuwa picha hizo hazifi: hupita kundi hadi kundi, na baada ya miezi kumi na miwili humwibukia mtu kama habari ya leo.

Namna ya kuwaendea wahariri

Tangazo hununuliwa, habari hustahiliwa. Ukitaka maneno yako yatoke kama ulivyoyapanga, siku uliyoichagua, lipia nafasi, wala usione haya. Ukitaka kuandikwa kama habari, umekubali kwamba mhariri atapima mwenyewe, na haki hiyo ya kupima ndiyo inayoifanya habari iaminiwe kuliko tangazo. Basi usimwambie unachotaka kutangaziwa. Mwambie kile ambacho wasomaji wake watafaidika kukijua. Klabu kufanya onesho si habari kubwa. Lakini klabu kumrudisha jukwaani mpiga kanuni ambaye hakupiga kwa miaka kumi, au ushirika wa wakulima wa mwani kujenga ghala lao wenyewe, ni jambo ambalo hata mgeni atapenda kulisoma.

Taarifa yako iwe ya ukurasa mmoja. Juu yake pawe na tarehe na jina la chama. Sentensi ya kwanza itaje jambo lenyewe, nani amelifanya, wapi na lini. Zinazofuata zieleze sababu. Maneno ya mwenyekiti yafuate, nayo yawe aliyoyasema kweli, si uliyomtungia akiwa hayupo. Na mwisho pawe jina lako na namba ya simu utakayoipokea. Mhariri aliyebanwa na nafasi hukata kuanzia chini, kama fundi anavyoipunguza kanzu kwenye pindo asiiguse shingo. Kwa hiyo lililo muhimu uliweke shingoni. Picha ifuatane na majina ya waliomo, kutoka kushoto kwenda kulia, nao wawe wameridhia kupigwa. Taarifa ipeleke asubuhi, kwa maana jioni kurasa za gazeti la kesho zinafungwa na hapana mwenye nafasi ya kukusikiliza. Ukikataliwa, shukuru, uulize kwa adabu kilichopungua, na uje tena utakapokuwa na jambo. Mwenezi anayenuna humfundisha mhariri kutopokea simu yake.

Siku ya jambo baya

Uenezi hupimwa siku ya balaa. Mwimbaji hakutokea na viingilio vimeshakusanywa. Basi la klabu limepinduka njiani. Fedha za ushirika zimepungua. Saa hiyo wote waliokuwa wakikuhimiza useme watakuhimiza unyamaze.

Kuna kisa cha mtu wa Marekani, Ivy Lee, ambacho kila mwenezi hana budi kukijua pande zake mbili. Mapema katika karne ya 20 makampuni ya reli ya huko yalikuwa na desturi ya kuficha ajali na kuwafukuza waandishi. Mwaka 1906 Lee aliwapelekea wahariri tamko la kwamba ofisi yake si ya siri, na kwamba atawapa habari sahihi na kuwasaidia kuzihakiki. Na ajali ilipotokea katika reli ya Pennsylvania, aliyokuwa akiitumikia, aliwapeleka waandishi mahali penyewe wakajionee. Kampuni haikuangamia kwa kusema kweli, iliheshimiwa zaidi. Huo ndio upande wa kwanza. Wa pili ni kwamba mwaka 1914, wachimba makaa wa Colorado walipokuwa katika mgomo, na wake na watoto wao wakafa katika mauaji ya Ludlow, Lee huyo huyo alitumikia ukoo wa Rockefeller, wenye migodi, akaeneza vijarida vyenye hesabu zisizo za kweli juu ya mishahara ya viongozi wa wagomaji. Na mwandishi Upton Sinclair akampachika lakabu yenye neno sumu, nayo haikumbanduka tena. Mtu yule yule, kalamu ile ile. Tamko zuri la mwaka 1906 halikumlinda, kwa kuwa uaminifu hauwekwi akiba: huanza upya katika kila karatasi unayoitia saini.

Basi siku hiyo fanya hivi. Kwanza, jamaa za walioumia waarifiwe na watu wa klabu, uso kwa uso, kabla hawajasikia redioni. Pili, sema upesi lile ulilolithibitisha, hata likiwa moja tu. Tatu, usilolijua usilikisie. Jibu, "Hilo bado hatujalithibitisha, nitakupigia saa 10 alasiri," na saa 10 ipige simu, hata kama huna jipya, kwa maana kutimiza saa ni ithibati ya kwamba hukimbii. Nne, kama kosa ni lenu, semeni kwamba ni lenu na mtafanya nini: viingilio vitarudishwa wapi, lini, na nani. Msamaha usio na mahali wala siku ni upepo kama lile neno "kihistoria".

Mipaka usiyovuka

Usihesabu watu ambao hawakuja. Usimtaje mtu kwa baya usiloweza kulithibitisha mbele ya hakimu, na usijifiche nyuma ya jina la bandia. Mwaka 1958 Julius Nyerere alishtakiwa kwa kashfa, akiwa mhariri wa Sauti ya TANU, kwa makala iliyowalaumu maofisa wa serikali ya kikoloni, na mahakama ikamtoza faini ya shilingi 3,000. Gazeti lile lilikuwa dogo, lakini lilikuwa na mtu wa kulijibia, na wananchi waliichanga faini ile kwa sababu walimjua anayesema nao ni nani. Karatasi isiyo na mwenyewe haina wa kushtakiwa, lakini pia haina wa kuaminiwa.

Usimpe mwandishi bahasha. Ikiwa mmemwalika mahali pa mbali na klabu inampa usafiri, hilo lijulikane kwa mhariri wake na liandikwe katika vitabu vya mweka hazina. Lakini fedha inayopenyezwa kiganjani hununua mstari mmoja leo na kuuza heshima ya watu wawili. Na wakubwa wako wakikutaka useme unalolijua kuwa uongo, kataa kwa taadhima mbele yao, ueleze hasara itakayowafika. Wakishikilia, warudishie daftari na mhuri wao, uondoke kimya. Klabu itapata mwenezi mwingine, nawe utalipata gari la matangazo la klabu nyingine, lakini jina lililokwisha kuchafuka halipatikani dukani.

Pia kumbuka kwamba jukwaa si lako. Onesho likifana, watu watataja waimbaji. Kitabu kikipendwa, watamtaja mwandishi. Nawe utakuwa nje, unahesabu viti vya kurudisha. Nimeshasimama hapo mara nyingi, wala sijapajutia.

Kipimo cha kazi yako ni hiki, nami sijaona kingine kilicho sawa zaidi: mahali fulani mjini bibi mmoja atalipokea tangazo lako, atamwambia mjukuu amsomee mara moja, kisha atatia asumini zake, atafunga mlango wake, na kushika njia ya kituoni bila ya kumwuliza mtu.